Simu ya mama inakata kila akiishika mkononi, akiiweka dirishani inashika mtandao. Njooni tuelewane kuhusu kiganja na antena

#1 Mzawa_Mlalo

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo tangu Idd na nimeona nililete hapa, maana naamini siko peke yangu. Mama yangu anaishi Lushoto, kule juu upande wa Mlalo. Mimi niko Dar. Kila siku baada ya Isha huwa nampigia. Mwaka jana nikamnunulia simu janja ili awaone wajukuu zake kwa WhatsApp. Tangu siku hiyo hatujawahi kuongea dakika tatu mfululizo. Napiga, inaita vizuri, anapokea, "Haloo mwanangu", nasema shikamoo mama, marahaba siisikii. Kimya, halafu inakata. Napiga tena, yale yale.

Tumelaumu kila kitu. Tukabadili laini. Mdogo wangu akaipeleka simu kwa fundi mjini, akaambiwa IC (chipu) ya mtandao imekufa, akalipa elfu thelathini na tano, simu ikarudi vile vile. Na mimi nikaanza kumlaumu mama kimoyomoyo, nikidhani anabonyeza kitufe cha kukata kwa shavu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Idd nikapanda. Jioni ya kwanza nikaikuta simu kwenye dirisha, ina vistari vitatu. Nikaichukua, nikaikamata kama ninavyokamata yangu, kiganja chote kimekumbatia upande wa chini. Nikawa nahesabu. Sijafika ishirini kikabaki kistari kimoja, kisha yakatokea maandishi "Simu za dharura pekee". Nikairudisha dirishani, vistari vikarudi. Nikarudia mara sita, na mara zote sita ikawa hivyo hivyo. Mama ananitazama tu. Mwisho akasema, "Mimi nilishawaambia simu hii haipendi kushikwa, mkaona ni maneno ya mtu mzima asiyejua simu."

Kweli alituambia. Zaidi ya mara moja. Hakuna aliyemsikiliza.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie: kitu gani hasa kinatokea hapo? Kitochi chake cha zamani alikuwa anakishika vyovyote na tunaongea nusu saa. Na wewe mwenye mzazi kijijini ambaye "simu yake inasumbua", kabla hujampeleka kwa fundi, mwambie aiweke mezani afungue spika, kisha muongee. Ikikaa bila kukata, rudi hapa tuzungumze.

#2 Kijana_wa_Posta

Pole mkuu, ila mimi siamini. Simu yangu naishika kwa mikono miwili, nalala nayo, naiweka mfukoni, haijawahi kukata kwa sababu ya kuishika. Hapo tatizo ni mnara. Kampuni za simu zinaweka mnara mmoja kwa milima mitano, halafu sisi tunatafuta sababu kwenye viganja vya wazee wetu.

#3 FundiRedio

Mzawa_Mlalo, mama yako yuko sahihi, na huenda simu yenyewe ni nzima kabisa. Nimefanya kazi za minara kwa miaka mingi, nitajaribu kueleza bila kukuchosha.

Chukulia antena kuwa ni ngoma. Mpigaji anaipasha kwenye moto mpaka ngozi ikaze na itoe mlio anaoutaka. Sasa weka kiganja juu ya ngozi halafu uipige. Mlio unahama, na papo hapo unafifia. Mguso mmoja, madhara mawili. Antena ya simu inapatwa na yote mawili.

Antena hukatwa kwa kipimo cha masafa, yaani kasi ya mtetemo wa mawimbi. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, robo yake ni sentimita 8. La megahezi 1800 ni sentimita 17, robo yake 4. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoongoza umbo la antena, ingawa wabunifu huikunja wapate kuitosheza ndani. Kiganja kikisogea karibu, maji na chumvi vya mwilini vinaifanya antena iwe kana kwamba imerefuka. Inahama, inaanza kuitikia masafa ya chini kidogo kuliko yale ambayo mnara unayatumia. Hilo la kwanza. La pili, mawimbi yenyewe yanapopita kwenye nyama yanamezwa na kugeuka joto dogo sana ambalo hulihisi. Kinachobaki kwenda mnarani ni kidogo.

Kuhusu kitochi, hapa ndipo penye utamu. Kumbuka Nokia 3310 ya mwaka 2000, au Nokia 1100 ya 2003. Antena zake zilikuwa juu, nyuma ya kioo, na mkono unakaa chini kwenye vitufe. Antena na kiganja havikutani. Simu za sasa, antena kuu ipo chini, karibu na tundu la chaji, pale pale kiganja kinapolala. Haikupelekwa chini kwa bahati mbaya. Kuna viwango vya kiasi cha nishati kinachoruhusiwa kumezwa na kichwa cha mtu: Marekani ni wati 1.6 kwa kilo, ikipimwa kwenye kipande cha nyama cha gramu moja, Ulaya ni wati 2 kwa kilo, ikipimwa kwenye kipande cha gramu kumi. Njia rahisi ya kutimiza kiwango ni kuisogeza antena mbali na kichwa, na mbali na kichwa ni kwenye kidevu cha simu. Kichwa kikapumzika, kiganja kikabeba mzigo.

Na kuna jambo la nguvu. Simu ya 2G kwenye megahezi 900 inaruhusiwa kutoa hadi wati 2 inapobanwa sana. Kwenye 4G simu ya kawaida inaishia wati 0.2, sehemu moja ya kumi. Si hesabu yote ya umbali, maana mitambo nayo ni tofauti, ila ina mchango wake.

Kijana_wa_Posta, wewe hujakosea kuhusu simu yako. Hapo Posta unapokea mawimbi mengi kupita mahitaji. Tunapima kwa desibeli: ukipoteza desibeli 3 umebakiwa na nusu, ukipoteza 10 umebakiwa na sehemu moja ya kumi, 20 ni sehemu moja ya mia. Mtu mwenye akiba ya desibeli 40 akipoteza 15 kwa kiganja hajui kama kuna kilichotokea. Mama wa Mlalo akiba yake ni 10. Kiganja kile kile, simu ile ile, yeye anaachwa nje.

#4 Kijana_wa_Posta

Hapo nimekuelewa mkuu. Hilo la akiba sikuwahi kulifikiria. Ila swali: kama nguvu imebaki sehemu moja ya mia, mbona mimi vistari havishuki hata kimoja? Vinabaki vyote.

#5 Mwandishi_Kahama

Swali zuri sana hilo, na jibu lake lilishatikisa kampuni kubwa duniani. Naomba nafasi nilisimulie kwa sababu nililifuatilia kwa karibu wakati likitokea.

iPhone 4 iliingia sokoni tarehe 24 Juni 2010. Ukanda wa chuma cha pua unaozunguka ubavu wake haukuwa urembo, ndio uliokuwa antena. Uligawanywa vipande: kimoja cha Wi-Fi, Bluetooth na GPS, kingine cha simu yenyewe. Kwenye kona ya chini kushoto kulikuwa na ufa mwembamba unaovitenganisha. Mtu akiishika kwa mkono wa kushoto, nyama ya kiganja inaziba ufa ule na kuviunganisha vipande viwili. Siku ile ile ya kwanza watu wakaanza kulalamika kwamba vistari vinayeyuka mkononi. Mteja mmoja akamwandikia Steve Jobs, akajibiwa aepuke kuishika namna hiyo.

Tovuti ya AnandTech ikapima. Ikishikwa kawaida, iPhone 4 ilipoteza karibu desibeli 20. Ikibanwa sana, 24.6. Ikivishwa kava, ile ya kushikwa kawaida ikashuka hadi desibeli 7 hivi. Wakaipima iPhone 3GS ya kabla yake: kushikwa kawaida haikufika hata desibeli 2, ila ikibanwa sana ilipoteza 14. Nexus One ya Google ilipoteza karibu 11 kwa kawaida na karibu 18 ikibanwa. Kwa hiyo hakuna simu iliyopona mkononi. Tofauti ni kiasi.

Sasa vistari. Katika programu ya iPhone ya wakati huo, vistari vitano vilisimama kuanzia dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 51 chini ya sifuri mpaka 91 chini ya sifuri. Desibeli arobaini nzima zimelundikwa kwenye kistari cha tano! Vile vinne vilivyobaki vikagawana desibeli 22 tu, mpaka 113. Kwa hiyo aliye karibu na mnara akipoteza desibeli 24 anabaki na vistari vyake vyote, na aliye kwenye 91 akipoteza hizo hizo anatoka vitano mpaka hakuna. Tarehe 2 Julai Apple wenyewe wakaandika kwamba hesabu yao ya vistari ilikuwa na makosa makubwa, na ikawa inaonyesha vingi kuliko hali halisi. Marekebisho yakatoka katikati ya mwezi huo.

Tarehe 12 Julai jarida la Consumer Reports likasema haliwezi kuipendekeza simu hiyo. Tarehe 16 Jobs akaita waandishi, akaonyesha video za BlackBerry, HTC na Samsung nazo zikipoteza vistari mkononi, akatangaza kava za bure. Mwaka 2012 kesi ikamalizwa kwa wateja wa Marekani kupewa dola 15 au kava. iPhone 4S ya Oktoba 2011 ilikuja na uwezo wa kuchagua antena moja kati ya mbili.

Jambo moja ambalo wengi huliruka: wale wapimaji wa AnandTech waliandika pia kwamba iPhone 4 ilikuwa inashikilia simu kwenye mawimbi hafifu kuliko 3GS. Yaani antena kuwa nje ilikuwa na faida ya kweli, ilimradi usiuguse ule ufa. Nalisema hilo kwa sababu nataka tuwe wa haki.

Kijana_wa_Posta, hiyo ndiyo sababu vistari vyako havishuki. Hakuna sheria ya dunia inayosema kistari kimoja ni kiasi gani. Kila mtengenezaji anapanga lake.

#6 Bint_Chake

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Pemba na nimepigwa na butwaa. Bibi yangu simu yake haiiti kabisa. Nikipiga naambiwa haipatikani, na yeye anaapa ilikuwa wazi siku nzima. Anaiweka kwenye pindo la khanga, kiunoni, imebana tumboni. Nyumba yetu paa ni bati na kuta ni za mawe. Je, tumbo nalo linafanya kama kiganja?

#7 FundiRedio

Wa alaykum salaam. Ndiyo dada, na tumbo ni zaidi. Mwili wote unakula mawimbi, na kipande kikubwa cha mwili kinakula zaidi ya kiganja. Upande wa simu uliolala kwenye tumbo umefunikwa kabisa, unabaki ule wa nje. Ongeza bati ambalo mawimbi hayapenyi, na ukuta mnene. Ikiwa nje tu ya nyumba panashika vizuri, mwambie bibi aiweke mahali pamoja karibu na dirisha linaloelekea mnara, aiongezee sauti. Asiiweke ndani ya sufuria au kikombe cha bati ili isikike zaidi, nimeona wengi wanafanya hivyo. Bilauri ya kioo haina shida.

Nigusie na hili kwa sababu Mzawa alisema mama anasema haloo halafu yeye hasikii marahaba. Vistari vinaonyesha unavyousikia mnara. Havionyeshi mnara unavyokusikia wewe. Mnara unatoa makumi ya wati, simu yako kwenye 4G ni sehemu ndogo ya wati moja. Kwenye ukingo wa mtandao, mara nyingi inayokufa kwanza ni safari ya kwenda. Simu nyingi za 4G zina antena ya pili huku juu ya kusaidia kupokea, kwa hiyo kiganja kikiziba ya chini bado unapokea kwa ya juu. Lakini kutuma, simu nyingi zinategemea ile ya chini. Ndiyo unapata mtu anakuambia "nakusikia vizuri, mbona wewe hunisikii?"

#8 Dada_wa_Kahawa

Na betri? Simu ya baba yangu Mbozi inaisha chaji kabla ya adhuhuri na hapigi simu nyingi.

#9 FundiRedio

Inahusika. Simu na mnara vinazungumza muda wote kuhusu nguvu. Mnara ukisema "sikusikii", simu inaongeza. Ukiziba antena, simu inapaza sauti ili kufidia, inakula betri na kupata joto. Ikikosa mtandao kabisa inaanza kutafuta, na kutafuta nako kunakula. Vitabu vya maelekezo vya Nokia miaka ile vilikuwa na onyo hili, pamoja na mchoro unaoonyesha eneo la antena: usiguse sehemu hii bila sababu simu ikiwa inatumika, maana ubora wa mawasiliano unaathirika, simu inatumia nguvu nyingi kuliko inavyohitaji, na betri inaisha mapema. Tulivitupa vitabu hivyo pamoja na maboksi.

Kwa hoja hiyo hiyo, achaneni na vile vistika vya kubandika nyuma ya betri vinavyouzwa kwa maneno ya "kupunguza mionzi" au "kuongeza mtandao". Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki wauzaji wa ngao za namna hiyo tangu mwaka 2002, na imeonya kwamba ngao ikiingilia mawimbi, simu inaweza kutoa nguvu zaidi ili kuwasiliana na mnara. Unalipia kinyume cha ulichotaka.

#10 Mkulima_Mbinga

Mimi naomba kusema lililo moyoni, na msinielewe vibaya. Uzi huu mzuri, ila naona tunaelekea kumwambia mama wa Mlalo kwamba kosa ni mkono wake. Mtu kapewa mkono na Mungu, simu inaitwa ya mkononi, halafu anaambiwa asiishike. Mtengenezaji anajua simu itashikwa. Mnara ujengwe wa kutosha na simu ipimwe ikiwa mkononi, siyo ikiwa imening'inia kwenye chumba cha maabara. Sisi tunaoishi mwisho wa mtandao ndio tunaolipa kwa kila simu iliyokatika: sekunde za kupokea, "haloo haloo", unapiga upya.

#11 Mwandishi_Kahama

Mkulima, niko upande wako, na hauko peke yako. Profesa Gert Frølund Pedersen wa Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, alifanya kazi hiyo hasa kwa ajili ya nchi za Nordiki: alichukua simu zinazouzwa madukani akazipima zikiwa kwenye mkono na karibu na kichwa. Akakuta tofauti kubwa kati ya simu na simu, na simu hiyo hiyo inaweza kuwa nzuri mkono wa kulia na mbaya mkono wa kushoto. Matokeo yakatangazwa wazi kwa majina ya simu. Vijiji vyao navyo viko mbali na minara. Kwangu mimi hilo ndilo tungelihitaji hapa: mtu akienda kununua simu ya kumpelekea mzazi, aone kwenye boksi inavyoshika mtandao ikiwa mkononi, kama anavyoona kamera ina megapikseli ngapi.

#12 Mzawa_Mlalo

Mkulima_Mbinga, umenisemea. Sikuleta uzi huu ili mama aonekane mkosaji. Nimeuleta kwa sababu mwaka mzima tulimwona mkosaji. Mnara kule uko ng'ambo ya bonde, nyuma ya kilima, na nikipanda nyuma ya nyumba kwenye migomba mtandao unajaa. Mnara ni wa kudai, na tutaudai. Ila kesho jioni nataka kuongea naye.

#13 Fundi_Kkoo

Nimechelewa kuuona uzi. Mimi ni fundi simu, Kariakoo, mwaka wa tisa. Kwanza nimwambie Mzawa pole kwa ile elfu thelathini na tano. "IC ya mtandao" ni jibu linalotolewa haraka mno mezani, na fundi anayelitoa kabla hajafungua simu anatuharibia kazi wote.

Kutofautisha kiganja na ubovu siyo kazi ngumu. Iweke simu mezani mahali penye mtandao mzuri, pembeni yake weka simu nyingine yenye laini ya mtandao ule ule, ya 4G zote au ya 3G zote. Usizishike. Zikiwa zinapata karibu sawa, simu yako ni nzima na tatizo litakuwa kushika. Kama yako iko chini sana hata mezani, kuna kitu ndani.

Na kitu hicho mara nyingi ni kidogo. Simu nyingi zina bodi kubwa juu na bodi ndogo ya chaji chini, na kati yake unapita waya mwembamba mweusi au mweupe wenye vichwa vya kubonyeza, unapeleka mawimbi kwenye antena ya chini. Simu ikibadilishwa tundu la chaji au kioo, waya huo unafunguliwa. Fundi akiwa na haraka anasahau kuubonyeza, au anaubana na kuukata. Simu inarudi inachaji vizuri, kioo kipya, mtandao hakuna, na mwenyewe anaambiwa mnara. Vile vijisahani vya shaba vinavyogusana na kifuniko cha nyuma navyo vikiota kutu au kupinda, antena inabaki haijaungwa.

Kuhusu kava: ya mpira au plastiki haina neno, inasogeza hata kiganja milimita mbili. Zile za chuma, au zenye bamba la kushikia sumaku ya kwenye gari, angalieni bamba limekaa wapi. Mmeona simu za mwili wa chuma zina mistari ya plastiki juu na chini mgongoni? Hapo ndipo mawimbi yanapopitia. Ukipaziba kwa chuma umefunga dirisha. Ila kwa simu ya mama Mlalo kava haitatibu. Kwenye iPhone 4 kava ilisaidia sana kwa sababu ngozi ilikuwa inagusa chuma cha antena chenyewe. Simu yenye antena ndani shida yake ni ukaribu wa nyama, siyo mguso.

#14 Bodaboda_Moro

Fundi, na sisi tunaochomeka simu ndani ya helmeti? Kichwa upande huu, helmeti upande huu.

#15 Fundi_Kkoo

Helmeti ya plastiki haizibi. Kichwa ndicho kinachoziba upande mmoja, lakini kiganja umekitoa, kwa hiyo kwa mtandao pekee haujapoteza kitu. Kwa usalama wako barabarani nakuomba uache, simama pembeni upokee.

#16 Kijana_wa_Posta

Nimejaribu jana usiku, nimekuja kukiri. Kwenye Android nimeingia Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM, hapo kuna nguvu ya mawimbi kwa namba. Posta kwenye meza ilikuwa 78 chini ya sifuri, mkononi 90. Vistari havikutikisika. Nikaigeuza nikaishika kwa mikono miwili kama nacheza gemu, ikafika 95. Wenye simu ambazo menyu hiyo haipo jaribuni kupiga *#*#4636#*#*, na wa iPhone *3001#12345#*. Kumbukeni namba ikikua mbele ya alama ya kutoa ndiyo mbaya zaidi.

#17 FundiRedio

Asante kwa kurudi na namba. Hiyo ya gemu inaeleweka: mkono mmoja unafunika antena ya juu, mwingine ya chini, simu haina pa kukimbilia. Wanaolalamika kwamba gemu linakwama simu ikilazwa ubavu, mmesikia. Subirini namba itulie sekunde kumi kabla ya kuiandika, na pimeni mkiwa mmesimama pale pale. Hatua mbili tu ndani ya chumba zinaweza kubadili desibeli kadhaa bila kiganja kuhusika.

#18 Mzawa_Mlalo

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Mdogo wangu yuko nyumbani wiki hii, nikamwelekeza kila kitu. Kwanza akafanya kipimo cha Fundi_Kkoo, simu ya mama na yake mezani bega kwa bega: karibu sawa. Kwa hiyo ndani ni nzima. Kisha akapima hatua kwa hatua, akisubiri itulie kama FundiRedio alivyosema. Dirishani bila kushikwa, 103 chini ya sifuri. Mkononi kama mama anavyoishika, kiganja chini, 118. Akamwonyesha kuishika kwa ncha za vidole kutoka katikati kwenda juu, upande wa chini uwe wazi: 108. Desibeli kumi zimerudi kwa kuhamisha vidole tu.

Lakini mama ana vidole vyenye baridi yabisi, kuishika kwa ncha dakika kumi ni mateso. Spika nayo hataki, anasema maneno ya nyumbani hayasemwi jirani akisikia, na ana haki. Kwa hiyo mdogo wangu amenunua visikilizio vya waya, shilingi elfu tatu sokoni. Simu inalala kwenye dirisha linaloelekea bondeni, juu ya kipande cha ubao, mama anakaa kwenye kiti pembeni na mikono yake mapajani. FundiRedio alinishauri faragha pia kwamba kwa simu za sauti tunaweza kuiweka kwenye 2G au 3G, lakini mama anataka picha za wajukuu, tumeiacha.

Jana nilimpigia saa mbili na nusu. Nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba, nikaisikia yote. Tukaongea dakika arobaini na moja. Kanieleza habari za mazao, za msiba wa jirani ambao sikujua kama umetokea, na mbuzi aliyezaa mapacha. Mwisho nikamwomba msamaha kwa mwaka mzima wa kutomsikiliza. Akaniuliza, "Kwa hiyo na ile ya shangazi yako wa Soni nayo ni mkono?" Nikamwambia inawezekana. Ijumaa atakwenda huko, na ule ubao anauchukua.

#19 Bint_Chake

Bibi simu yake imeita leo mara ya kwanza. Iko dirishani. Amepokea huku anakimbia kutoka uani.